Kuchagua Shirika la Ndege la Kudumu Nalo: Mwongozo kwa Rubani wa Arusha

Rubani anayeanza kazi Arusha ana njia mbili mbele yake, na kila njia ina kiwanja chake. Ya kwanza inaanzia Kisongo, kando ya barabara ya Dodoma, kwenye kiwanja kilichoko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Hapo Cessna Caravan na ndege nyingine ndogo za pangaboi huondoka kila asubuhi kwenda Manyara, Seronera, Ndutu, Kogatende na viwanja vingine vya porini, zikirushwa na mashirika kama Coastal Aviation, Auric Air, Regional Air na Air Excel. Ya pili inapitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), upande wa Moshi, kwenye njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600, ambako hutua ATR za Precision Air, ndege za Air Tanzania na za mashirika ya nje. Rubani wa njia hii mara nyingi kituo chake cha kazi kitakuwa Dar es Salaam, hata kama nyumbani kwake ni Tengeru au Usa River.

Wengi huchagua kwa kulinganisha mshahara wa mwezi wa kwanza. Mshahara una maana yake, lakini hausemi rubani atakuwa wapi baada ya miaka mitano. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: aina ya saa ambazo shirika litamwezesha kuandika katika kitabu chake, na namna linavyowatendea marubani wake wakati wageni wamekosekana. Mwongozo huu unayapa nafasi kubwa hayo mawili, kisha unaingia katika mkataba.

Saa za aina gani

Leseni ya biashara, CPL, kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hudai saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi moja iliyounganishwa mwanzo hadi mwisho. Leseni ya juu, ATPL, hudai saa 1,500. Katikati ya namba hizo ndipo rubani kijana wa Arusha anapoishi kwa miaka kadhaa, na hapo ndipo kosa la kuchagua linapogharimu.

Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa anayekaa kiti cha kushoto ni neema: kila saa ni ya rubani kiongozi, kwa injini ya tabini, katika nchi ya milima na viwanja vifupi vya udongo. Si rahisi kupata shule nzuri kuliko hiyo. Kwa anayekaa kiti cha kulia hali ni tofauti. Baadhi ya mashirika huweka marubani wawili hata pale ambapo mmoja angetosha, jambo jema kwa usalama, lakini saa za yule wa pili hazihesabiki zote. Kwa viwango vya ICAO, rubani msaidizi katika ndege ya rubani mmoja ambayo mamlaka imeagiza irushwe na wawili huweza kuhesabiwa nusu tu ya saa hizo anapoomba leseni ya daraja la juu, isipokuwa ndege imefungwa vifaa na inaendeshwa kwa utaratibu kamili wa marubani wawili. Rubani anayeahidiwa saa 600 kwa mwaka kwenye kiti cha kulia anatakiwa aulize kabla ya kusaini: Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) itazihesabu ngapi? Jibu la mdomo kutoka kwa mtu wa ofisini halitoshi. TCAA ndiyo itakayopokea ombi la ATPL, hivyo ndiyo ya kuulizwa, kwa maandishi.

Kwenye ATR, Dash 8 au jeti, saa za rubani msaidizi huhesabiwa zote, kwa kuwa ndege yenyewe inadai watu wawili. Hizi ndizo saa ambazo mashirika makubwa, yakiwamo ya Ghuba, hutaja katika masharti yao ya ajira. Ubaya wake ni kwamba saa za ukapteni huchelewa. Rubani anaweza kukaa kiti cha kulia miaka mingi akisubiri zamu, wakati mwenzake aliyebaki Kisongo ana zaidi ya saa elfu moja za kuongoza ndege mwenyewe. Kwa maoni ya mwongozo huu, rubani mwenye chini ya saa 1,000 afaidike kwanza na kiti cha kushoto cha ndege ndogo kama anakipata kwa uhakika, kisha ahamie ndege ya wawili. Akingoja mno, atakuwa fundi wa kazi moja.

> KISANDUKU: UMRI
> Kwa viwango vya ICAO, rubani wa safari za biashara anayeruka peke yake hufikia kikomo akiwa na miaka 60. Anayeruka katika ndege ya marubani wawili huendelea hadi 65. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, lakini rubani aliyetimiza miaka 40 na anayebeba abiria peke yake hupimwa kila baada ya miezi 6. Kwa mwenye miaka 30, anayekusudia kubaki na Caravan maisha yake yote, tofauti ya 60 na 65 ni miaka mitano ya mshahara wa juu kabisa.

Mshahara wa Aprili

Biashara ya ndege ndogo Arusha inafuata mvua na nyumbu. Kuanzia Desemba hadi Machi wageni huelekea Ndutu, nyumbu wanakozalia. Julai hadi Oktoba kila mtu anataka Kogatende, kwenye vivuko vya mto Mara. Kati ya misimu hiyo kuna masika: kambi nyingi hufungwa, viwanja vya udongo huteleza, na ndege zilizokuwa zikijaa hulala Kisongo. Rubani anayefanyiwa usaili mwezi Agosti huona shughuli, huona ndege zikipishana, na huambiwa kiasi ambacho wenzake walipata mwezi uliopita. Anachotakiwa kuuliza ni walichopata Aprili.

Malipo ya rubani kwa kawaida yana sehemu mbili: mshahara wa msingi, na nyongeza inayotokana na saa alizoruka, pamoja na posho. Mfano huu, ambao namba zake ni za kufundishia tu, unaonyesha jinsi sehemu hizo zinavyoweza kupotosha. Shirika la kwanza linatoa msingi wa shilingi milioni 2 na shilingi 40,000 kwa kila saa ya kuruka. La pili linatoa msingi wa milioni 4 na shilingi 10,000 kwa saa. Agosti, kwa saa 80, la kwanza linalipa milioni 5.2 na la pili milioni 4.8. Aprili, kwa saa 15, la kwanza linalipa milioni 2.6 na la pili milioni 4.15. Kwa mwaka wa saa 600, la kwanza limelipa milioni 48, la pili milioni 54. Shirika la kwanza huanza kushinda rubani akivuka saa 800 kwa mwaka. Hizo ni saa nyingi sana: kanuni za Ulaya humzuia rubani kuvuka 900 katika mwaka wa kalenda.

Msingi una uzito mwingine usioonekana kwenye hesabu hiyo. Kiinua mgongo kwa sheria ya Tanzania hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na benki inayotoa mkopo wa nyumba huangalia kipato kisichoyumba. Posho nono juu ya msingi mdogo humfurahisha rubani leo na kumwacha mtupu siku ya kuondoka.

Hatua za kulifanyia kazi jambo hili:

1. Kuuliza saa ambazo marubani wa ndege ileile waliruka kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita. Shirika likikataa kutoa, kuwauliza marubani wawili au watatu wanaofanya kazi hapo.
2. Kukokotoa malipo ya mwaka mzima kwa saa hizo, kisha malipo ya mwezi mbaya kuliko yote.
3. Kuuliza kilichofanyika Aprili 2020, safari za kimataifa zilipositishwa nchini kwa sababu ya UVIKO-19. Je, marubani walipunguziwa mshahara, walipewa likizo bila malipo, au waliachishwa? Je, waliorudi walirudishiwa nafasi zao kwa utaratibu gani? Hakuna swali linalofichua tabia ya mwajiri kama hili.
4. Kuuliza kama likizo ya mwaka hulazimishwa kuchukuliwa masika, na mafunzo ya kila mwaka hufanyika lini.

Uchovu, mizigo na wingu la Meru

Kanuni za uchovu huhesabu saa, lakini kazi ya Kisongo huchosha kwa kutua. Kutoka Arusha hadi Manyara ni dakika ishirini hivi angani, na kutoka hapo ndege huendelea kiwanja kwa kiwanja, ikishusha wawili hapa na kupakia watatu pale. Rubani anaweza kutua mara sita kwa saa tatu za kuruka, na kila mara awe ametazama kama kuna pundamilia kwenye njia, apite chini kuwafukuza, azunguke tena ndipo atue. Kwa hiyo swali zuri ni hili: siku yenye kazi nyingi, rubani hutua mara ngapi, na nani hupakia mizigo?

Ndege zinazokwenda porini huweka kikomo cha mizigo, kilo 15 kwa mgeni katika begi laini. Kikomo hicho kina sababu yake. Seronera ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Mchana wa jua hewa huwa nyepesi, ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na kila kilo huonekana. Mgeni akitokea na sanduku gumu la kilo 30, na kampuni ya utalii ikampigia simu mkurugenzi, hapo ndipo shirika linapojulikana. Katika shirika zuri meneja hujibu kwamba rubani ameshasema, na sanduku litakuja na safari nyingine. Katika shirika baya meneja humpigia rubani.

Mtihani wa pili ni wingu. Asubuhi za Juni na Julai wingu zito huweza kushuka kutoka mteremko wa Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, likafunika hadi Kisongo. Saa mbili asubuhi wageni wamekaa na chai yao, gari la kambi linawasubiri Seronera, na rubani anatazama upande wa magharibi akikadiria. Anayetafuta mwajiri wa kudumu awaulize marubani waliomo, nje ya ofisi: mara ya mwisho mtu alipokataa kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa, nini kilimpata? Kama wanahitaji kufikiri muda mrefu kabla ya kujibu, au wanatazamana kwanza, hilo nalo ni jibu.

Afike pia uwanjani, si ofisini tu. Hali ya matairi, usafi wa karakana, na jinsi fundi na rubani wanavyozungumza kuhusu kasoro iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege husema mengi kuliko rangi ya mkia.

Uhai wa shirika

Mashirika hufa, na rubani hubaki na leseni yake. East African Airways lilivunjika 1977 na nchi tatu zikaanza upya. Ndipo Air Tanzania ilipozaliwa. Uganda Airlines ya zamani ilifungwa 2001, ikafufuliwa 2019. Fastjet ilianza safari zake Tanzania Novemba 2012 kwa Airbus A319 kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na KIA, ikasimama Desemba 2018. Waliopata idhini ya kurusha A319 wakati ule waliondoka na kitu cha kuuza, kwa kuwa jamii hiyo ya ndege inaruka dunia nzima. Hapo kuna kanuni ya kufuata: shirika lenye mustakabali wa mashaka bado linaweza kufaa ikiwa ndege yake inatafutwa kwingine.

Precision Air, iliyoanza Arusha 1993 kama kampuni ya ndege za kukodi, imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2011. Faida yake kwa anayetafuta kazi ni kwamba hesabu zake hutangazwa hadharani. Kuna marubani wanaosoma mkataba wa kurasa 12 lakini hawajawahi kufungua taarifa ya fedha ya mwajiri wao.

Air Tanzania ilifufuliwa 2016 kwa ndege za Q400, ikapata Boeing 787-8 na Airbus A220 mwaka 2018. Ni ngazi ndefu kuliko zote nchini: rubani anaweza kutoka pangaboi hadi ndege ya masafa marefu chini ya mwajiri mmoja. Lakini ndege mpya nazo husimama. Matatizo ya injini za A220 yaliyokumba mashirika mengi duniani yaliziacha za Air Tanzania ardhini kwa vipindi virefu kuanzia mwishoni mwa 2022, na rubani asiye na ndege hana saa. Mwajiri wa serikali hana haraka ya kufunga milango. Hata hivyo maamuzi ya ndege na njia hutegemea bajeti na siasa.

Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuingia anga ya Ulaya. Amri ya namna hiyo hailengi leseni ya rubani mmoja mmoja. Inagusa upanuzi wa shirika, imani ya kampuni za utalii na bima zake, hivyo kila mwombaji kazi ana haki ya kuuliza shirika limefanya nini kurekebisha kasoro.

Mkataba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda rubani kama mfanyakazi mwingine. Anastahili likizo ya siku 28 kwa mwaka. Katika mzunguko wa miezi 36 anastahili siku 126 za ugonjwa, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, na kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), asilimia 20 kwa jumla, nayo ithibitishwe kwamba inafika.

Vifungu ambavyo sheria haivimalizi ndivyo vya kusomwa mara mbili.

*Bondi ya mafunzo.* Shirika likilipia mafunzo ya ndege mpya au simulata nje ya nchi, hutaka rubani ajifunge miaka kadhaa. Ni haki, ikiwa deni linapungua kila mwezi. Bondi ya miaka mitatu inayodai fedha zote hata kwa anayeondoka mwezi wa 35 isisainiwe hadi irekebishwe. Iandikwe pia kwamba deni linafutika shirika likimwachisha rubani kwa kupunguza wafanyakazi, au likiondoa ndege hiyo.

*Bima ya kupoteza leseni.* Moyo ukipiga vibaya siku ya kupimwa, kazi imekwisha, huku mkono na akili bado vizima. Siku 126 za ugonjwa si kitu mbele ya miaka 25 iliyobaki. Bima hii ina thamani kuliko nyongeza yoyote ya posho. Shirika lisilokuwa nayo liombwe kuchangia ya binafsi.

*Kituo cha kazi.* Kama mkataba unasema "popote nchini", Arusha ni ya muda. Iandikwe notisi ya uhamisho na nani analipa kuhamisha familia.

*Ukongwe.* Je, ukapteni hufuata orodha, au hufuata anayejulikana na mkurugenzi? Nakala ya utaratibu iombwe.

Kulinganisha ofa mbili

1. Kuandika lengo la miaka kumi kwa sentensi moja: ukapteni wa ndege kubwa, kubaki karibu na nyumbani Arusha, ukufunzi, au kwenda nje.
2. Kukisia kitabu cha saa cha mwaka wa tano kwa kila shirika: saa za kuongoza, saa za tabini, saa za ndege ya wawili.
3. Kukokotoa malipo ya mwaka na ya Aprili.
4. Kuzungumza na marubani wawili waliomo na mmoja aliyeondoka. Aliyeondoka ndiye anayejua kama barua ya uthibitisho wa saa ilitoka kwa wakati.
5. Kupeleka mkataba kwa wakili wa mambo ya kazi. Ada yake ni ndogo kuliko bondi mbaya.
6. Kulala nayo wiki moja. Mwajiri anayekataa kungoja wiki kwa mtu atakayekaa naye miaka kumi ameshaonyesha haraka yake.

> KISANDUKU: ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUSAINI
> ☐ Cheti cha shirika cha kuendesha ndege (AOC) ni hai
> ☐ TCAA imejibu kuhusu saa za kiti cha kulia
> ☐ Msingi na nyongeza vimetenganishwa kwa maandishi
> ☐ Bondi inapungua kila mwezi
> ☐ Bima ya kupoteza leseni ipo
> ☐ Mlipaji wa simulata, cheti cha afya na leseni ametajwa
> ☐ Kituo cha kazi kimetajwa kwa jina

Makosa yanayojirudia

Kulipa ili kupata saa ni kosa la kwanza. Rubani anayenunua kiti cha kulia hudhoofisha malipo ya wenzake na kujifundisha kukubali lolote. La pili ni kuhamahama kila mwaka kwa nyongeza ndogo. Mwajiri wa Ghuba au Nairobi husoma kitabu cha saa kama historia ya tabia. La tatu ni kinyume chake, kubaki kwa shukrani tu mahali ambapo ngazi imekwisha. La nne ni kutoka Kisongo kwenda Dar es Salaam bila kuhesabu kodi ya nyumba ya pili, shule za watoto na siku za kupumzika zinazoishia kwenye safari ya kwenda nyumbani.

Kuondoka

Hata mwajiri mzuri huachwa, na marubani wa Arusha wanafahamiana wote. Notisi itolewe kwa maandishi na itumikiwe hadi mwisho. Kabla ya siku ya mwisho rubani achukue nakala zilizogongwa muhuri za kurasa za kitabu cha saa, rekodi za mafunzo na mitihani, na barua inayothibitisha aina za ndege na saa. Mashirika yakifungwa, nyaraka hizo hupatikana kwa shida. Aliyeachishwa kwa namna anayoiona si halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo asiache kazi ya zamani kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili.